Pipi ngumu, tofi au kashata: chai yako ya viungo iingie wapi?

Anayetaka kuitafuna chai yake badala ya kuinywa huanza kwa kuuliza ipi tamu zaidi. Swali hilo halimsaidii, maana zote ni sukari. La kuuliza ni hewa ya unapokaa ikoje, jiko lako ni la namna gani, na chai unayoipenda ni ya rangi au ya maziwa. Hapa nalinganisha vitu vitatu vinavyowezekana katika jiko la kawaida la nyumbani: pipi ngumu za chai ya rangi, tofi laini za chai ya maziwa, na kashata ya nazi iliyopikwa kwa chai mahali pa maji. Ninacho kipenzi changu na sitakificha, ila kinaweza kisikufae kabisa ukiwa Tanga mwezi wa Aprili na mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri.

Chai yenyewe kwanza

Chochote utakachochagua, chai inapikwa namna moja, na lazima iwe nzito kupita ya kunywa. Piga hesabu uone. Sukari gramu 400, yaani vikombe viwili, ikishapikwa mpaka kuwa pipi ngumu inabaki karibu gramu 400 zilezile, kwa kuwa maji karibu yote yameondoka na mvuke. Ukikata pipi za gramu 5 utapata kama 80. Ikiwa ulitia robo tatu ya kikombe cha chai, mililita 180, basi kila pipi imebeba mililita 2 na ushei, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Chai ya kawaida ya asubuhi haiwezi kusikika katika kiasi hicho. Utakula sukari ya rangi ya kahawia na kumlaumu aliyekupa maelezo.

Chukua vikombe viwili vya maji, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba uliyoiponda, iliki 10 zilizopasuliwa, karafuu 4, kijiti kimoja cha mdalasini na punje 8 za pilipili manga. Viache vichemke kwa moto mdogo mpaka maji yabaki kikombe kimoja na robo hivi. Epua, ndipo utie vijiko vitatu vya chakula vya majani ya chai, funika, ngoja dakika 5, kisha chuja kwa kitambaa safi na ukikamue vizuri, maana majani hunywa maji mengi. Viungo vinataka muda mrefu motoni ili viachie, majani hayautaki. Yakichemka robo saa pamoja na tangawizi yanatoa ukakasi, na ukakasi huo ukishakolezwa ndani ya shira hauondoki kwa sukari yoyote. Majani ya punje ndogondogo tunayonunua madukani, yawe ya Mufindi, ya Rungwe au ya Kericho, yametengenezwa ili yakolee haraka. Dakika 5 zinayatosha.

Karafuu usizidishe. Mafuta yake hutia ganzi ulimi, ndiyo maana watu huibana kwenye jino linaloumwa, na ulimi uliokufa ganzi hauonji tena iliki wala mdalasini. Pia weka kando robo ya kijiko cha chai cha masala ya unga, uliochekechwa mpaka ukawa laini. Huu unaingia mwisho, sufuria ikishaepuliwa. Harufu ya iliki na karafuu imo katika mafuta yanayoruka na mvuke. Nyumba nzima ikinukia wakati shira inachemka, ujue kinachonukia ndicho kinachokutoka sufuriani.

Mwiko: ukoroge au uache?

Hapa ndipo njia tatu zinapoachana, na ukilielewa hili umeelewa karibu kila kitu.

Kwenye pipi ngumu, mwiko ni adui. Unatia sukari vikombe viwili, chai robo tatu ya kikombe, na robo kikombe ya glukosi ya maji, ile nzito inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Unakoroga mpaka sukari iyeyuke yote, basi, unautoa mwiko na huurudishi. Shira inapokuwa nzito, sukari inatafuta kisingizio cha kurudi kuwa sukari. Punje moja iliyokauka ukingoni mwa sufuria ikidondoka ndani, au mwiko ukipita mara moja, sufuria nzima inaweza kugeuka chenga mbele ya macho yako. Dawa yake ni kufunika sufuria kwa dakika mbili tatu mara tu inapoanza kuchemka, ili mvuke uoshe kingo, kisha unafunua na kuiacha ichemke yenyewe mpaka nyuzi joto 150 za Selsiasi.

Kwenye tofi, ukiuacha mwiko umekwisha. Maziwa hushika chini haraka, na vipande vyeusi vilivyong'oka chini haviondoki hata kwa kuchuja. Chukua kopo moja la maziwa mazito matamu, lile la karibu gramu 400, sukari kikombe kimoja, siagi gramu 100 na nusu kikombe ya ile chai nzito. Koroga kwa moto mdogo, ukikwangua chini na pembeni bila kusimama, mpaka nyuzi 118 hadi 120. Hiyo ni nusu saa, mara nyingine zaidi, na mkono utauma. Maziwa na siagi ndivyo vinavyoizuia sukari isifanye chenga, kwa hiyo hapa kukoroga hakuna hatari.

Kashata inakwenda kinyume cha zote mbili. Tunataka irudi kuwa sukari. Vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe ya chai, vikombe viwili vya nazi iliyokunwa. Unapika shira mpaka iwe nzito ya kuvutika, unatia nazi na kukoroga mpaka mchanganyiko uache kingo za sufuria. Kisha unaepua na kuendelea kukoroga kwa nguvu kidogo, na unaiona inapoteza mng'ao na kuwa kama imevaa ukungu. Hapo ndipo inapotaka kumwagwa kwenye sinia lililopakwa samli, haraka, kabla haijakugandia sufuriani. Zile chenga zinazoharibu pipi ngumu ndizo zinazoshikilia kashata.

Kipimajoto, na maji baridi

Huna kipimajoto cha jikoni? Kashata haikihitaji kabisa. Tofi inaweza kwenda bila hicho. Pipi ngumu inawezekana, lakini utahitaji roho ngumu pia.

Bakuli la maji baridi linafanya kazi ile ile. Dondosha shira kidogo ndani yake, ngoja kidogo, ishike kwa vidole ndani ya maji. Ikiwa inajikusanya kuwa donge laini linalobonyea, umefika nyuzi 115 hivi, na hapo ndipo pa kashata. Donge likishikana na kukaa umbo lake ukilitoa majini, ila linabonyea ukilikandamiza, hiyo ni tofi. Kwa pipi ngumu unangoja mpaka tone ligeuke uzi mgumu ndani ya maji, na ukiukunja uvunjike kwa mlio mkavu. Ukipinda kabla ya kuvunjika, bado. Rudisha motoni dakika moja, jaribu tena, kwa maji mapya.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya pipi hayalisemi kwa sababu yameandikwa kwa shira nyeupe. Ukitumia chai, rangi haikwambii kitu. Shira ya maji huanza kuwa ya dhahabu inapokaribia kuungua na unaiona, lakini ya chai imekuwa kahawia tangu ilipoingia sufuriani. Tegemea maji baridi na pua. Harufu ya chai ikianza kugeuka kuwa ya kitu kilichochomwa, toa sufuria hapo hapo bila kusubiri kipimajoto kikubaliane nawe.

Walio nyanda za juu wana hesabu moja ya ziada. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukifuata nyuzi 150 za maelezo ya pwani ukiwa huko, utaunguza. Chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, tazama kinasoma ngapi, na tofauti kati ya hapo na 100 iondoe kwenye kila namba niliyoitaja. Kwa Nairobi pipi ngumu inaishia 144, tofi 112 hadi 114. Hii pia inakuonyesha kama kipimajoto chako ni kizima. Kikisoma 97 kwenye maji yanayochemka ukiwa Mombasa, kosa ni lake.

Hewa ndiyo inayoamua

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kabla ya kukushauri, ningeuliza unakaa wapi.

Pipi ngumu ni sukari iliyobakiwa na maji asilimia moja au mbili tu. Kitu kikavu kiasi hicho kinavuta maji popote yalipo, na hewa ya Dar es Salaam, Unguja, Mombasa au Lamu ina maji tele. Unamwaga pipi zako zikiwa zinang'aa kama vioo, unazigeukia baada ya saa chache zimeanza kunata, kesho yake zimeshikamana bonge moja. Njombe au Limuru, palepale chai inapolimwa, baridi ya milimani inakupa nafuu, ila na huko kuna siku za ukungu za kukaa mbali na jiko. Kwa mtu wa pwani, wakati wa pipi ngumu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, tena mchana wa jua. Masika acha kabisa.

Ndimu nayo ina mtego wake. Wengi wasio na glukosi hutia kijiko cha chai cha maji ya ndimu, na inafanya kazi, kwa sababu uchachu na moto huigawa sukari kuwa sukari mbili nyepesi ambazo hazikubali kufanya chenga. Lakini moja ya hizo mbili huvuta unyevu kupita sukari ya kawaida. Ndimu ikizidi, umezuia chenga na kualika mnato. Bara haina neno. Pwani, tafuta glukosi.

Watu pia hukimbilia feni na friji. Feni ya pwani inaipulizia pipi unyevu ule ule kwa kasi zaidi. Friji inaikausha ikiwa ndani, ukiitoa inatoka jasho na dakika chache baadaye inanata kuliko mwanzo. Chumba chenye kiyoyozi kinasaidia kweli, maana kiyoyozi hukausha hewa. Lililo la uhakika ni kuzishughulikia pipi mara tu zinapopoa, kuzigaragaza kwenye sukari ya unga au wanga wa mahindi, kufunga kila moja kwenye kikaratasi chake na kuzitia chupa yenye mfuniko unaokaza. Saa nzima ya kusubiri mezani ni nyingi mno.

Tofi haina makuu hayo. Ina mafuta na maji yake ya kutosha, haikimbilii ya hewani. Shida yake ni joto. Mchana wa Februari, kaskazi ikiwa imelala, tofi iliyoishia nyuzi 118 inaanza kutandaa ndani ya karatasi. Ipike hadi 120 au kidogo juu yake ukiwa pwani, na ukiitia friji iwe imefungwa.

Kashata ndiyo ya huku kwetu na inaonekana. Unyevu hauitishi, joto haliiyeyushi. Inachokosa ni maisha marefu. Nazi mbichi ina maji na mafuta, na siku chache tu zinatosha kuanza kusikia harufu ya nazi iliyochacha. Kuikaanga nazi kidogo kwenye sufuria kavu kabla ya kuitia kunaiongezea siku, na kwa hii ya chai kunaongeza ladha pia. Tumia nazi iliyotoka kwenye mbuzi ya kukunia moja kwa moja. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui hukupa kashata kavu isiyo na mafuta ya kushika harufu ya viungo.

Chai inasikika wapi zaidi?

Nilisema nina kipenzi. Ni tofi, na sababu si utamu.

Harufu za viungo vyetu hivi hukaa ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji. Siagi na mafuta ya maziwa vinaipokea iliki na kuiachia polepole tofi inapoyeyuka mdomoni. Maziwa nayo hushika ule ukakasi wa majani, ndiyo maana chai ya maziwa ni laini kuliko ya rangi hata ikiwa nzito. Na maziwa yakipikwa na sukari hupata ladha ya kuungua kwa mbali, ile ya chai ya maziwa iliyoachwa jikoni ikachemka mara mbili tatu. Ukitafuna tofi iliyopikwa vizuri, unaijua chai hiyo. Ukipenda ikolee zaidi, yeyusha siagi kwanza kwa moto mdogo pamoja na iliki mbili tatu zilizopondwa, ichuje, ndipo uitumie.

Kwa wanaotaka kuanza na maziwa ya ng'ombe badala ya kopo: inawezekana, lita moja kwa vikombe viwili vya sukari, lakini ni saa nzima na zaidi ya kukoroga, na kuna tahadhari ya tangawizi. Tangawizi mbichi ina kitu kinachoyakatisha maziwa ya uvuguvugu. Ndiyo maana mpishi wa chai huichemsha kwanza kwenye maji, maziwa yakafuata. Chai yetu imekwisha chemsha tangawizi, kwa hiyo iko salama. Usije tu ukaongeza juisi ya tangawizi mbichi juu yake. Bana moja ya magadi ya keki hupunguza uchachu wa maziwa yasikatike, lakini iwe bana kweli, maana ikizidi chai inakuwa nyeusi na yenye ladha ya sabuni.

Pipi ngumu inasema kitu kingine. Haina mafuta, kwa hiyo viungo vinakuja vikali na vilivyo wazi. Tangawizi na pilipili manga ndivyo vinavyotawala, iliki inabaki nyuma. Ni pipi ya koo, ya mtu anayekunywa chai ya rangi yenye tangawizi ya kuwasha na hataki kusikia habari za maziwa. Jani la mchaichai likiingia kwenye ile chai, pipi ngumu inapendeza sana. Kwenye tofi mchaichai haukai, nimeuona ukigombana na siagi. Na kwa sababu pipi ngumu inaangaza, usitie masala ya unga mengi. Vidoa vichache ndani ya pipi vinavutia, ila ulimi unavisikia kama mchanga.

Kashata kwa upande wa chai ndiyo dhaifu, na nasema hivyo kwa kitu ninachokipenda. Nazi ina sauti kubwa. Chai inabaki kuwa rangi nzuri ya kahawia na uchungu mdogo unaopunguza utamu, jambo ambalo kashata nyingi zinalihitaji. Ukitaka chai isikike, badili nusu ya sukari kwa sukari guru na uongeze mdalasini. Sukari guru hiyo hiyo usiipeleke kwenye pipi ngumu. Inawahi kuungua, na pipi inatoka laini.

Jiko, sufuria na mfuko

Jiko la mkaa linaweza kupika zote, lakini haliwezi kupunguza moto kwa sekunde moja, na tofi inadai hivyo mara kwa mara. Ukiwa na mkaa, tumia uchache, funga mdomo wa jiko, na uwe tayari kuinua sufuria. Sufuria nyepesi za aluminiamu zinafaa kwa kashata, kwa tofi ni kujitafutia balaa. Azima sufuria nzito ya jirani. Kwa pipi ngumu gesi ni raha, moto wa katikati mwanzo hadi mwisho, na sufuria iwe kubwa kuliko unavyodhani kwa sababu shira hupanda.

Kwa gharama, sukari ni ileile katika zote. Pipi ngumu inaongeza glukosi tu, nayo inatumika kidogo kwa hiyo chupa moja inakaa. Kashata inaongeza nazi mbili na nguvu za mkunaji. Tofi ndiyo inayokula fedha, kwa kopo la maziwa, siagi na gesi ya nusu saa. Kwa kuuza mtaani kwa bei ya pipi, tofi haitakulipa. Kwa kuuza kama zawadi ya Idd au ya harusi, ndani ya kiboksi, ndiyo pekee ambayo watu wataikubali bei yake.

Usafi wa vyombo usikutishe. Jaza maji kwenye sufuria iliyoganda, irudishe motoni, baada ya dakika kumi imejiosha. Na pipi iliyokugomea, iliyofanya chenga au iliyonata, inarudi vilevile: maji nusu kikombe, iyeyuke, uipike upya, au uiweke chupani iwe sukari ya chai yako kwa wiki nzima.

Kuhusu kuungua. Shira ya nyuzi 150 haitiririki kwenye ngozi kama maji ya moto, inanata hapo hapo na kuendelea kuchoma. Pipi ngumu si kazi ya kupika na mtoto pembeni, hata akiwa mkubwa wa kujidai. Ikitokea, ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, halafu hospitali kama imevimba malengelenge. Dawa ya meno, mafuta na yai viache jikoni. Kashata ndiyo ya kupika na watoto: wewe unashika shira, wao wanakuna nazi, wanapaka sinia samli, wanakata vipande ikiwa bado ina uvuguvugu. Na kwa walio chini ya miaka minne au mitano, pipi ngumu usiwape kabisa, inawakaba. Tofi waikatie ndogo sana. Wazee wenye meno ya bandia nao wapewe kashata.

Halua nimeiacha nje ya ulinganisho huu makusudi. Ni wanga na samli na saa nyingi za kukoroga, na mwenzake tangu zamani ni kahawa chungu, iwe Unguja au Maskati. Ukimwambia mzee wa Darajani kwamba umeitia chai, utayasikia.

Ukinibana nichague kwa niaba yako

Kama hujawahi kupika shira maishani mwako, anza na kashata. Itakufundisha kuisoma shira inapopanda, inapolegea na inapoanza kuvutika, na hata ukikosea kidogo italiwa. Baada ya hapo, mwenye chai ya maziwa aende kwenye tofi, popote alipo. Mwenye chai ya rangi aende kwenye pipi ngumu akiwa bara, au pwani wakati wa kipupwe. Mtu wa pwani asiyeweza kungoja kipupwe anayo njia ya katikati: apike mchanganyiko wa pipi ngumu lakini aongeze kijiko kimoja cha chakula cha siagi ukifika nyuzi 125 hivi, na auepue kwenye 135 hadi 140. Anapata pipi inayovunjika kwanza kisha inalainika, isiyong'aa sana, na siagi inapunguza kasi ya kunata. Haitapendeza kwenye picha. Chai inasikika zaidi kuliko kwenye ile ya kioo.

Kwa za kutumwa mbali, kwa ndugu aliye Muscat, Birmingham au Toronto, mpangilio unageuka. Kashata isiende, itafika imechacha. Tofi iende wakati wa baridi ya huko tu. Kwenye joto la Ghuba itafika imekuwa shuka moja na karatasi ndani yake. Pipi ngumu, ambayo nyumbani inatusumbua kiasi hiki, ndiyo inayosafiri vizuri kuliko zote ikiwa imefungwa moja moja ndani ya kopo la bati lililozungushiwa utepe wa gundi mdomoni. Ipike mchana, ifunge jioni ile ile, na umwambie anayepokea asiliache kopo wazi mezani.